Safura ya Mzee Maji

Mgonjwa wa kisa hiki ni hamali wa miaka 57 anayesukuma mkokoteni wa maji katika vichochoro vya Mji wa Kale, Mombasa. Wateja humwita Mzee Maji, nami nitamwita hivyo hivyo kwa idhini yake. Mambo mengine yanayoweza kumtambulisha nimeyageuza. Alikuja katika zahanati ninayofanya kazi ya utabibu mara tatu ndani ya miezi saba. Mara mbili za mwanzo nilimrudisha nyumbani na dawa, na roho yangu safi. Nakiandika kisa hiki kwa sababu ya hizo mbili.

Ukimuuliza mgonjwa ameanza lini kuchoka, mara nyingi utajibiwa "zamani". Mzee Maji alijibu kwa mitungi. Mkokoteni wake hubeba mitungi 16 ya lita 20, yaani kilo 320 za maji kabla hujahesabu mbao na magurudumu. Mwishoni mwa mwaka uliopita alikuwa akiipandisha yote 16 kutoka upande wa bandari ya kale bila kutua. Ramadhani ilipoingia alikuwa kwenye 12, akasema ni saumu. Mfungo ukaisha, Idi ikapita, akawa kwenye 10 na anatua njiani mara mbili. "Moyo wanenda mbio, dakta," aliniambia, "na hata sijaufika msikiti." Sijawahi kupewa historia ya upungufu wa damu iliyo sahihi kuliko hiyo, na niliiandika kwenye kadi kwa neno moja: uchovu.

Huo ulikuwa mwezi wa nne. Kipimo cha malaria kilikuwa hasi. Mapigo ya moyo 104 kwa dakika akiwa ameketi. Nilipoivuta chini kope yake, ndani palikuwa peupe. Mashine ndogo ya damu ya kidole ilitoa hemoglobini ya gramu 8.1 kwa desilita, na kwa mwanamume mzima Shirika la Afya Duniani huhesabu chochote chini ya 13 kuwa ni upungufu. Nikamuuliza kama ameona damu kwenye choo. La. Anakohoa? La. Tumbo lamuuma? Mara mojamoja, akasema, upande wa kulia, gesi tu.

Mkewe, aliyekuwa amekaa kimya mlangoni, akaingilia: "Na barafu je? Mwambie dakta hiyo barafu." Ikawa mzee akipita kwa wauza samaki asubuhi huomba mapande ya barafu, akayatafuna njia nzima kama mtoto aliyepewa peremende. Nyumbani huwatuma wajukuu. Tukacheka sote. Mama mkwe wake alikuwa ameshatoa hukumu tangu mwanzo: huyu ana safura.

Safura ni neno ambalo wenzangu wengi hulipita haraka, na halistahili kupitwa. Wazee wa Pwani walilitumia kwa mtu anayepauka, anayevimba uso na miguu, anayehema kwa hatua mbili, tena anayetamani kula vitu visivyoliwa, hasa udongo. Kwa lugha ya hospitali huo ni upungufu wa madini ya chuma, na sababu yake ya kale huku kwetu ni minyoo inayong'ang'ania utumbo na kunyonya damu, ambayo huingilia kwenye ngozi ya miguu iliyo peku. Tamaa ya barafu ni ndugu wa tamaa ya udongo. Kwa hiyo bibi yule alikuwa ameona sawasawa, pengine kuliko mimi. Aliloona ni hali. Chanzo hakikuwa kazi yake kukitafuta, kilikuwa kazi yangu.

Nikampa albendazoli ya minyoo, vidonge vya chuma na foliki asidi. Mtu anayevaa ndara na kukanyaga maji machafu kutwa nzima, minyoo ni dhana ya haki. Nisingejilaumu kwa kuanza hapo. Kosa lilikuwa kuishia hapo.

Alirudi mwezi wa saba. Hemoglobini 10.4, mitungi 13. Nilimpongeza, akanipongeza, nikamwambia amalize vidonge vilivyobaki. Leo nikiitazama kadi ile naona jambo lililokuwa wazi. Mtu mwenye upungufu wa chuma ambaye uvujaji wake umekoma, akimeza vidonge ipasavyo, huongeza karibu gramu 2 katika wiki nne. Baada ya miezi mitatu alitakiwa awe amelipita 13. Mzee Maji alikuwa amemeza kila kidonge (mkewe alivihesabu) na bado alikuwa nusu ya njia. Maana yake ni kwamba tulikuwa tukijaza mtungi wenye tundu. Mimi niliona maji yamepanda, nikafurahi.

Na vile vidonge vilifanya jingine. Chuma hukifanya choo kiwe cheusi. Kuanzia siku hiyo, swali la rangi ya choo halikuwa na thamani tena, kwani jibu lingekuwa "cheusi, lakini uliniambia ni dawa". Hata kabla ya hapo swali langu lilikuwa dhaifu. Vitabu tunavyosomea huzungumzia damu inayoonekana kwenye karatasi ya kujipangusia. Mzee Maji hatumii karatasi. Anachamba kwa maji, gizani, kwenye choo cha kuchuchumaa, na kilichokuwapo kimekwenda na maji. "Mtu mzima hachungulii choo," aliniambia baadaye, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefunzwa adabu nyumbani kwao. Siku hizi siulizi kama ameona damu. Naomba kikopo cha choo kikapimwe damu isiyoonekana kwa macho. Ni kipimo rahisi, na hakimlazimishi mtu kuchungulia.

Mwezi wa kumi na moja hakuja na mkokoteni. Aliletwa kwa tuktuk. Hemoglobini 6.9. Uzito ulikuwa umeshuka kutoka kilo 71 hadi 63, jambo ambalo mkewe alikuwa amelijua kitambo kwa jinsi kikoi kilivyokuwa kikizunguka kiuno chake mara ya ziada. Safari hii tulipeleka damu maabara kubwa: chembe nyekundu zilikuwa ndogo mno, femtolita 66 wakati kawaida ni kuanzia 80, na feritini, yaani akiba ya chuma mwilini, ilikuwa imekauka. Nikamlaza kitandani nikamshika tumbo polepole, kazi ambayo mwezi wa nne niliifanya kwa sekunde kumi. Chini kulia, chini ya vidole vyangu, palikuwa na kitu kigumu kama limau bichi, kisichouma sana. Ile "gesi".

Nilimpa rufaa siku hiyo hiyo. Hospitalini aliongezewa painti tatu za damu, watoto na mahamali wenzake wakajitolea kuzirudisha benki, na baada ya wiki moja na nusu akaingizwa kamera ya utumbo mpana. Maandalizi yake ni kunywa dawa ya kuharisha pamoja na maji mengi mpaka utumbo uwe mtupu. Mzee alisema katika maisha yake hajawahi kupitisha maji mengi hivyo bila kulipwa. Kamera ilipofika mwanzo kabisa wa utumbo mpana, pale unapoungana na utumbo mwembamba, ilikuta uvimbe wenye kidonda kinachovuja. Wakachukua kipande. Majibu ya patholojia yalisema adenokasinoma, kansa inayotokana na chembe za tezi.

Hapo ndipo lugha ilipotutia matatani. Nilipowaeleza familia kwamba ni kansa ya tezi, mwanawe mkubwa alijishika shingo, akidhani nazungumzia rovu. Kaka yake mgonjwa akasema kwa sauti ya chini, "Basi ni tezi dume." Na mkewe akakumbuka mitoki aliyokuwa nayo mumewe kwenye kinena miaka mingi nyuma. Watu watatu, tezi tatu, na hakuna hata moja iliyohusika. Tezi inayozungumzwa hapa haina mahali pamoja. Ni chembe yoyote ambayo kazi yake ni kutengeneza kitu na kukimwaga: ute, maziwa, asidi, vimeng'enya. Ukuta wa ndani wa utumbo mpana umejaa tezi ndogo zisizohesabika zinazotoa ute ili choo kiteleze. Tumbo la chakula linazo, kongosho ni kama kiwanda cha tezi, matiti, mapafu, nyumba ya uzazi na tezi dume vyote vinazo. Zile za kinena na kwapa tunaziita tezi pia, lakini ni vituo vya kinga ya mwili, na kansa inayoanzia humo ni ya ukoo mwingine. Kansa za tezi huweza kufika kwenye vituo hivyo, ila si wenyeji wa hapo.

Kwa nini basi kansa ya utumbo ijitokeze kwa moyo kwenda mbio? Ni hesabu ya kijiko cha chai. Mililita 5 za damu, kijiko kimoja, zina takriban miligramu 2.5 za chuma. Chakula cha kawaida humpa mwanamume miligramu 1 hadi 2 tu kwa siku zinazoingia mwilini kweli. Uvimbe ukivuja kijiko kimoja kila siku, hutaona kitu chooni, hasa ukiwa mwanzoni mwa utumbo mpana ambako choo bado ni majimaji na kina safari ndefu mbele yake; damu inachanganyika na kupotea. Lakini akiba inaliwa kidogo kidogo, na mwaka hauishi kabla ya mkokoteni kuanza kushinda. Upande huo wa kulia utumbo ni mpana kweli, kwa hiyo uvimbe hukua kufikia ukubwa wa limau bila kuziba njia.

Ungekuwa upande wa kushoto, kisa kingekuwa kingine kabisa. Huko njia ni nyembamba na choo kimeshakauka. Mgonjwa angelalamika kufunga choo wiki hii na kuharisha wiki ijayo, choo kimekuwa chembamba, tumbo linanguruma na kujaa. Ukishuka hadi puru, mtu huhisi haja kila saa, akienda hapati kitu ila ute na damu kidogo. Huyo ndiye anayenikosesha usingizi siku hizi, kwa sababu hapa Mombasa ameshajipa jina mwenyewe kabla hajafika kwangu: bawasiri. Amenunua mizizi Mwembe Tayari, amepaka dawa, ameacha pilipili. Wengi wao kweli wana bawasiri. Lakini bawasiri na kansa vinaweza kukaa nyumba moja, na kidole chenye glavu kinachoingizwa kwa dakika moja hugundua sehemu nzuri ya uvimbe wa puru. Mgonjwa anaona haya, na tabibu anaona haya zaidi. Nasema hivi nikijihesabu.

Daktari wa hospitali alimwangalia pia tumbo la chakula kwa kamera, na alikuwa sahihi: kwa mwanamume, au mwanamke aliyekwisha kukatika hedhi, mwenye upungufu wa chuma usioelezeka, huangaliwa juu na chini. Kansa ya tezi za tumbo nayo huvuja kimya, na mwenzake wa kila siku ni jina "vidonda vya tumbo". Mtu anashiba kwa matonge matatu, anahisi kiungulia, ananunua omeprazoli duka la dawa, anapata nafuu ya mwezi. Dawa hiyo inaweza hata kuutuliza uvimbe wenyewe kwa muda. Nikiona mtu wa makamo anayeshiba haraka na anayekonda, mkono wangu sasa huenda juu ya mfupa wa mtulinga wa kushoto kutafuta kivimbe kigumu. Kikiwapo, mara nyingi ugonjwa umeshasafiri.

Kongosho ina hila kuliko zote. Uvimbe ukiwa kwenye kichwa chake huubana mfereji wa nyongo, na mtu anakuwa manjano bila maumivu. Huyu huletwa akiwa na mkojo wa rangi ya chai ya rangi, choo kimepauka kama chokaa, na anajikuna usiku kucha. Hana homa. Watu wake wameshampa dawa za malaria na miti shamba ya ini. Mwaka uliotangulia kisa hiki nilimwona mama mmoja aliyeanza kisukari ghafla akiwa na miaka 64, mwembamba, hakuna mwenye kisukari kwao, na mgongo unamuuma akilala chali. Nilimwandikia dawa za sukari. Manjano yalitokea wiki tisa baadaye. Kisukari kipya kwa mzee anayekonda nacho kina namna yake ya kuuliza swali, na sikulisikia.

Kansa ya tezi za mapafu hupenda pembeni mwa pafu, mbali na njia kubwa za hewa, hivyo kikohozi huchelewa. Na huwapata hata wasiovuta sigara. Hapa kwetu huvaa kanzu ya kifua kikuu: makohozi yamepimwa hayana vimelea, dawa za miezi sita zimekwisha, kivuli kwenye picha kiko pale pale. Tezi dume kansa yake huanzia zaidi sehemu za nje za tezi, kwa hiyo mkojo wa kukatikakatika mara nyingi ni kukua kwa kawaida kwa umri, wakati kansa yenyewe inaweza kunyamaza hadi mgongo uanze kuuma usiku. Titi kila mtu anajua uvimbe, ila wachache wanajua kwamba usiouma ndio wa kuharakisha, au kwamba chuchu iliyoanza kuingia ndani ni habari. Na nyumba ya uzazi: tone moja la damu baada ya hedhi kukatika mwaka mzima lipimwe. Akina mama wetu hulificha kwa miezi, kwa sababu ya sala na kwa sababu ya haya.

Umio nimeuacha makusudi. Kansa yake ni nyingi Kenya, lakini kwa sehemu kubwa huanzia kwenye ngozi laini ya ndani ya umio na si kwenye tezi. Ya tezi hukaa chini, karibu na tumbo, kwa watu wenye kiungulia cha miaka.

Turudi kwa mzee. Picha ya siti skeni ya kifua na tumbo haikuonyesha kitu kwenye ini wala mapafu. Gharama zilizobaki baada ya SHA, bima ya afya ya serikali, zilikusanywa na mahamali na wenye nyumba aliowapelekea maji miaka yote. Mwanamke mmoja, nasikia, alilipa deni la mitungi ya tangu mwaka juzi. Alifanyiwa upasuaji, wakaondoa upande wote wa kulia wa utumbo mpana na kuunganisha utumbo mwembamba na uliobaki, kwa hiyo hakuhitaji mfuko wa choo tumboni, jambo aliloliogopa kuliko kifo. Tezi za limfu 18, vile vituo vya kinga, zilipimwa (zikipungua 12, hesabu haiaminiki), mbili zilikuwa na kansa. Hiyo ni hatua ya tatu. Angekuja katika hatua ya kwanza, pengine kisu peke yake kingetosha. Je, mwezi wa nne tezi zile mbili zilikuwa bado safi? Nimeacha kujiuliza mchana.

Hatua ya tatu hutibiwa kwa dawa baada ya kisu. Alipangiwa miezi mitatu: dripu ya oksaliplatini kila wiki ya tatu, na vidonge vya kapesitabini nyumbani. Watoto wake na ndugu zake walishauriwa wapimwe kwa kamera wakifika miaka 40. Kaka yake, yule wa tezi dume, ana miaka 61. Ameahidi mara mbili.

Oksaliplatini ina tabia ya ajabu: huamsha mishipa ya fahamu dhidi ya baridi. Mgonjwa akigusa kitu kilichotoka kwenye friji, vidole humchoma kama vimeshika miiba. Akinywa maji baridi, koo huhisi kama linakaba. Mzee Maji alionywa. Siku tatu baada ya dripu ya pili akapita kwa wauza samaki, mkono ukaenda wenyewe kwenye kasha la barafu, akapiga ukelele soko zima likageuka.

Mkewe alinijia wiki iliyofuata, hemoglobini ikiwa 12.2, na swali alilosema limewagawa nyumbani. Mumewe haitaki tena barafu, hata haizungumzii. Mama mkwe anasema safura imetoka. Wanawe wanasema ni ile dawa imemtia hofu. Ni lipi?

Nikamwambia ni yote mawili. Akatikisa kichwa, akaniuliza kama basi anaweza kumpa maji ya mtungini, au ni lazima yapashwe moto kwanza.